Kikao kimerekodiwa? Angalia kisije kikawa sinema ya mtaa mzima!

  

Wiki hii naomba tuyaweke kando yale mambo yetu ya mavazi na mapishi. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho siku hizi tunakifanya bila hata kufikiri mara mbili, nacho ni kurekodi vikao vya mtandaoni na kuwagawia watu. Usiseme, "Aah, hayo ni mambo ya watu wa maofisini wenye tai." Thubutu! Kamati ya harusi siku hizi inakaa Zoom. Ukoo unakaa Google Meet kujadili kiwanja cha marehemu babu. Hata sisi wa vikundi vya kuweka na kukopa tumo. Na mimi hapa ninayekuandikia nina kisa changu mwenyewe, tena ni kisa cha aibu. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanilaumu.

Katibu wa kujitegemea

Mwaka juzi akina mama wa mtaani kwetu, hapa hapa Dar es Salaam, walinipa ukatibu wa kikundi chao. Si kwamba nina elimu kubwa. Nina kidato cha nne, basi. Lakini naandika haraka, na binamu yangu ana kompyuta ambayo huwa ananiazima. Wanachama wawili walikuwa wamehama. Mmoja yuko Mwanza na mwingine anafanya kazi Muscat. Ndipo tukakubaliana kuwa kikao cha kila mwezi kifanyike Zoom ili nao wasikose.

Siku ya tukio wanachama watatu hawakuingia. Mama mmoja akasema, "Mwanangu, si ukirekodi tu, wasikilize wenyewe baadaye?" Nikaona wazo bomba. Nikabonyeza. Kama unavyojua, mtambo ule ukianza kurekodi, sauti ya kike inatangaza kwa Kiingereza kuwa kikao kinarekodiwa, na kwenye simu kinatokea kibao cha kukubali. Wamama wakabonyeza kukubali kama wanavyobonyeza kila kitu kinachotokea mbele ya kioo. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikueleza.

Zoom ya bure hukata kikao cha kikundi kikifika dakika 40, kwa hiyo tukatoka na kuingia tena. Katika kile kipande cha pili ndipo kikao kilipofika kwenye ajenda ya madeni. Mama mmoja (jina nalihifadhi) alikuwa hajarejesha mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi minne. Akabanwa. Mwanzoni alizunguka zunguka, halafu akalia. Akasema hela ile hakununulia mtaji wa vitenge kama alivyoandika kwenye fomu. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Mumewe hakujua. Alimwaga kuwa anakwenda Morogoro kumuuguza dada yake.

Wanachama walimwonea huruma, wakamwongezea muda. Kikao kikafungwa kwa dua. Mambo yakaishia hapo, au tuseme yangeishia hapo kama si mimi.

Usiku ule nikapandisha vipande vyote viwili kwenye Google Drive na kutupa linki kwenye grupu la WhatsApp. Mara zikaanza kuingia imeili za "fulani anaomba ruhusa ya kufungua". Mwingine akanipigia kabisa, "Katibu, mbona linakataa?" Nikachoka. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa ile ya "walioruhusiwa tu" na kuweka ya "yeyote mwenye linki". Kero zikakoma. Nikalala usingizi wa pono.

Mama mmoja kati ya wale watatu hakuweza kufungua linki kwenye simu yake. Akamtumia bintiye: "Mwanangu nifungulie hii." Binti akafungua, akasikiliza, akamrushia shoga yake. Shoga naye ana shoga. Siku ya tatu ile habari ilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa anapokaa mume wa yule mama, tena ikiwa imeongezewa chumvi: sasa ilikuwa ni kwamba mkewe "hana kizazi". Mwanaume akasikia ya nyumbani kwake kutoka kwa watu wa nje.

Yule mama aliondoka kwake na begi moja, safari hii akaenda Morogoro kweli. Alikaa miezi mitatu.

Msomaji wangu, hakuna mtu aliyevunja kufuli. Hakuna mwizi wa mtandao aliyevaa kofia nyeusi. Aliyefanya kosa ni mimi, kwa kidole kimoja, kwa sababu ya uvivu.

Wakubwa nao yamewakuta

Usifikiri ni ushamba wetu tu wa uswahilini. Wenye mitambo na wataalamu wao nao wameumbuka.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa korona, Zoom iliruka kutoka washiriki wapatao milioni 10 kwa siku mwezi Desemba 2019 hadi zaidi ya milioni 200 mwezi Machi 2020. Dunia nzima ilihamia huko bila kufundishwa. Aprili 2020 gazeti la Washington Post la Marekani likaandika kuwa maelfu ya rekodi za Zoom yalikuwa yanaonekana na mtu yeyote mtandaoni. Humo mlikuwa na watu wakizungumza na washauri wao wa mambo ya akili, vikao vya biashara ndogo ndogo na watoto wakiwa masomoni. Ilikuwaje? Watu walirekodi kwenye kompyuta zao, kisha wakahifadhi mafaili kwenye maghala ya mtandaoni yasiyo na paswedi. Na kwa kuwa mafaili yalikuwa na majina ya mtindo mmoja, aliyejua mtindo huo aliyatafuta na kuyakuta yamejipanga.

Februari 2021, Bill Michael, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya ukaguzi ya KPMG nchini Uingereza, aliwaambia wafanyakazi kwenye kikao cha mtandaoni kuwa waache kulalamika juu ya hali ya korona. Video ikavuja. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshatangaza kuachia ngazi.

Mwezi huo huo kule California, Marekani, wajumbe wa bodi ya shule za Oakley waliwasema vibaya wazazi wakidhani wako peke yao, kumbe kikao kiko hewani. Bodi nzima ikajiuzulu.

Na kuna kile kichekesho cha mwanasheria wa Texas, Rod Ponton, aliyetokea mahakamani kwa njia ya Zoom akiwa na sura ya paka, ikabidi amhakikishie jaji kuwa yeye si paka. Jaji Roy Ferguson mwenyewe ndiye aliyeitoa video ile, kwa nia njema kabisa, na ikazunguka dunia. Bahati nzuri bwana yule alilichukulia jambo kiutani. Sasa fikiria kama badala ya sura ya paka ingekuwa ni siri ya nyumba yako.

Kikubwa kuliko vyote ni cha Ujerumani. Machi 2024 vyombo vya habari vya Urusi vilitoa sauti ya maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani wakijadili makombora ya Taurus katika kikao cha Webex. Waziri wa Ulinzi, Boris Pistorius, akaeleza kuwa mmoja wao aliingia kikaoni akiwa hotelini Singapore, kwa mawasiliano yasiyo salama. Hawakurekodi wao, walirekodiwa! Kama majenerali wanapatwa, itakuwa katibu wa kikundi cha mama zake?

Linki ni ufunguo

Nilipoona nimeharibu, nilimfuata kijana mmoja fundi wa kompyuta, nikamwambia, "Kaka, nielimishe." Akanipa mfano ambao sijausahau.

Akaniambia linki ya "yeyote mwenye linki" ni sawa na ufunguo wa nyumba ulioacha chini ya zulia la mlangoni. Ukimwambia ndugu yako mmoja kuwa uko pale, atamwambia mkewe, mkewe atamwambia msichana wa kazi, na mwisho wa siku mtaa wote unajua. Mlango haujui nani ni ndugu na nani ni kibaka. Mwenye ufunguo anaingia.

Lakini ukiweka "walioruhusiwa tu" na kuandika imeili za watu mmoja mmoja, hapo umeajiri mlinzi. Linki ikimfikia mtu mwingine, mlinzi anamwuliza, "Wewe ni nani? Mbona humo kwenye orodha?" Zile imeili za kuomba ruhusa nilizoziona kero kumbe ndiyo ilikuwa kazi ya mlinzi. Mimi nikamfukuza.

Kabla hujabonyeza

Basi haya ndiyo niliyojifunza, nakupa bure.

Kwanza jiulize: kuna haja ya kurekodi? Mara nyingi muhtasari wa kurasa mbili unatosha. Aliyekosa kikao anataka kujua kilichoamuliwa, nani atafanya nini, na lini. Hahitaji kusikia nani alilia.

Pili, omba ruhusa kwa mdomo, kwa lugha wanayoielewa watu. Usiiachie ile sauti ya Kiingereza. Sema: "Jamani nataka kurekodi, atakayeona ni fulani na fulani, na nitafuta tarehe fulani. Kuna mwenye pingamizi?" Akiwepo, heshimu.

Tatu, yakifika mambo ya mtu binafsi kama ugonjwa, mshahara, ndoa au deni, simamisha rekodi. Kwenye Zoom, kitufe cha kusimamisha kwa muda kipo jirani kabisa na kile cha kurekodi. Mambo yakiisha, endelea. Hiki kitufe kingeniokoa mimi.

Nne, wajue walioko ndani. Siku hizi kuna roboti za kuandika maongezi ambazo huingia kikaoni kama mshiriki mwingine. Mwaka 2024 iliripotiwa Marekani kuwa mtafiti mmoja alimaliza kikao na wawekezaji, akatoka. Wenyewe wakabaki wanaongea siri za biashara yao, na roboti ikaendelea kuandika, kisha ikamtumia kila kitu kwa imeili. Kwa hiyo ukiona jina usilolijua kwenye orodha, uliza. Na kikao kikiisha kifunge kabisa, usitoke peke yako ukawaacha wengine na roboti.

Kuwapa wenzako wa kazini

Kila mtambo una tabia yake, na ukiijua umepunguza nusu ya balaa.

Google Meet hupeleka rekodi kwenye Drive ya aliyeandaa kikao. Mara nyingi linki hubandikwa pia kwenye kalenda ya kikao, na walioalikwa wa ofisi hiyo hiyo hupata ruhusa ya kuangalia. Sasa kama kalenda uliwaalika watu 80 na waliohusika ni 6, hapo una kazi ya kusafisha. Fungua faili, angalia orodha ya wenye ruhusa, waondoe wasiohusika. Utakaowaacha wape ruhusa ya kuangalia tu, si ya kuhariri, maana mwenye kuhariri anaweza hata kuwaongeza wengine. Kisha ondoa ruhusa ya kupakua.

Microsoft Teams huhifadhi rekodi kwenye OneDrive, au kwenye SharePoint kama kikao kilikuwa cha chaneli. Utaratibu wake wa kawaida ni kuipa rekodi siku 120, halafu inajifuta, isipokuwa kama wenye ofisi wamebadilisha. Wageni wa nje ya ofisi hawapewi rekodi moja kwa moja, mpaka uwape kwa makusudi. Usijaribu kuwa mjanja ukaipakua na kuwarushia kwa njia nyingine, maana ikishatoka mle, ule mlinzi haendi nayo.

Zoom ya bure huacha rekodi kwenye kompyuta yako. Ya kulipia inaweza kuiweka kwenye hifadhi yao ya mtandaoni, na huko unaweza kuweka paswedi, kuzuia kupakua, kuweka tarehe ya mwisho na kutaka mtu aingie kwa akaunti yake kwanza. Lakini kuna mtego. Ukibonyeza kunakili taarifa za kushirikisha, linki na paswedi hutoka pamoja. Ukizibandika hivyo hivyo kwenye grupu, ni kama umefunga mlango halafu ufunguo ukauacha kwenye kitasa. Tuma linki kwa imeili, na paswedi itaje kwa simu.

Kingine kuhusu Zoom: rekodi ikiwa ya kwenye kompyuta, ukihifadhi na maongezi ya kuandika, hutokea faili dogo la maandishi pembeni ya video. Humo huwemo pia zile meseji za chini kwa chini ulizoandikiana wewe unayerekodi na mtu mwingine. Ukituma folda nzima bila kuangalia, utakuta umewatumia wenzako pale ulipoandika, "Huyu mzee anaongea sana." Kasheshe!

Kuwapa watu wa nje

Mteja, mfadhili, ndugu aliye ughaibuni, mwanasheria: hawa hawamo kwenye akaunti ya ofisi yako. Hapa ndipo watu wengi wanapoweka "yeyote mwenye linki" na kujipa moyo. Fanya hivi badala yake.

Mpe kipande kinachomhusu tu. Kikao cha saa mbili, yeye anahusika dakika 10, kwa nini umpe zote? Programu za kukata video ziko tele, hata kwenye simu. Kata, hifadhi kipande kipya, na kisikilize mwanzo hadi mwisho kabla ya kutuma.

Kama sura hazina umuhimu, tuma sauti peke yake. Zoom hutoa na faili la sauti. Bando linapona, na hakuna atakayeona ukuta wa nyumba ya mtu wala mtoto aliyepita nyuma.

Kama lazima utume faili lenyewe, lifungie. Ipo programu ya bure iitwayo 7-Zip inayoweza kulifunga faili kwa paswedi, kwa kufuli la aina ya AES-256 ambalo halivunjwi kirahisi. Ila paswedi isiwe "123456" wala jina la mwanao. Na mpokeaji naye awe na programu ya kulifungulia.

Na ukweli lazima usemwe: hakuna kufuli la kuzuia simu ya pili. Ukimzuia mtu kupakua, anaweza kushika simu nyingine akarekodi kioo. Kwa hiyo kufuli la kwanza ni kumchagua unayempa.

WhatsApp je?

Najua unachotaka kuniambia: "Dada, WhatsApp si wanasema ni salama?" Ni kweli tangu mwaka 2016 meseji zake zimefungwa kiasi kwamba wa katikati hawezi kuzisoma. Lakini kufuli lile linalinda njiani. Likishafika kwenye simu ya shoga yako, liko mikononi mwa shoga yako. Unaweza kuweka meseji za kujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, ila anayetaka kubaki nayo atabaki nayo.

Grupu nalo ni kapu lenye matundu. Kuna simu zilizoshikwa na watoto, kuna waliobadilisha laini, kuna aliyeachana na kikundi miezi sita iliyopita na bado yumo. Kabla hujatupa linki humo, soma orodha ya majina mpaka mwisho. Utashangaa.

Na usisahau kufuta. Mkikubaliana siku 14, basi siku ya 15 faili lisiwepo. Futa na kwenye pipa la taka, maana Google Drive huliweka huko siku 30 kabla ya kulitupa kabisa. Angalia na ile nakala iliyobaki kwenye kompyuta, hasa kama ni ya kuazima kama yangu.

Ikishavuja ufanyeje?

Usijifiche. Mimi nilijificha siku mbili, na siku mbili zile ndizo zilizoharibu zaidi.

Ziba kwanza: rudisha faili kwenye "walioruhusiwa tu" au lifute, linki ile ife. Pili, mwambie mwenyewe aliyeumbuliwa kabla hajasikia mtaani. Ni kazi ngumu, lakini ni haki yake. Tatu, waombe waliopokea wafute, na uwaambie wazi kuwa kusambaza ni kumwumiza mtu. Nne, kama ni kazini, mtaarifu mkubwa wako siku hiyo hiyo.

Na sheria ipo, tusijidanganye. Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Chini ya sheria hiyo habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Ndugu zetu wa Kenya na Uganda wana sheria zao tangu mwaka 2019. Hata Oman, alipo yule mwanachama wetu, walitoa ya kwao mwaka 2022. Kwa hiyo "nilikuwa natania tu" haitakusaidia.

Yule mama je?

Najua umesubiri hapa. Alirudi. Mumewe alimfuata Morogoro mwenyewe, akiwa na kaka yake mkubwa na shangazi yake. Wameyamaliza ya kwao, na mimi sikuuliza wameyamalizaje. Deni alilipa lote, hata kabla ya muda aliopewa.

Mimi nilikwenda kwake siku ya Ijumaa, nikapiga magoti mlangoni. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi. Ni mimi." Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Marahaba. Najua ni wewe. Ingia ndani, chai itapoa." Hakusema amenisamehe. Alinimiminia chai, tukanywa, nikaondoka.

Nilidhani atajitoa kwenye kikundi, na nilidhani nitavuliwa ukatibu. Hayakutokea yote mawili. Kikao kilichofuata aliingia kama kawaida. Nikataka kuanza, akaniita kwa jina, akasema mbele ya wote: "Katibu, kuanzia leo kabla hujabonyeza hicho kidude chako, utamwuliza kila mmoja wetu kwa jina lake. Na mimi utaniuliza wa kwanza."

Mpaka leo ndivyo tunavyofanya. Yanakwenda majina 17, inachukua kama dakika 3. Naanza na lake. Mara nyingi anasema, "Sawa, rekodi." Siku nyingine anasema, "Leo hapana." Na siku hiyo natafuta kalamu, naandika muhtasari wangu kwa mkono, na kikao kinaendelea vizuri tu.

Msomaji wangu, leo ukimaliza kusoma safu hii, ingia kwenye Drive yako. Tafuta rekodi ya kikao cha mwisho. Angalia imewekwa "walioruhusiwa tu" au "yeyote mwenye linki". Ukikuta ya pili, unajua la kufanya.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, turudi kwenye mapishi yetu.